Maji Chini ya Skuli Yetu

Nnakumbuka siku moja, mwanangu, nilimtazama mama yangu kutoka chini ya ardhi, yeye yuko juu kisimani anachota maji, wala hajui kama mimi nipo. Nshakuwa mtu mzima sana sasa, nnakaa hapa mjini, Mpendae, na wajukuu zangu, na mengi yameshanitoka kichwani. Hilo halijatoka. Kaa kitako nikuhadithie.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa mashariki wa kisiwa, njia ya kwendea Chwaka, kwenye ardhi ya mawe matupu. Huko jembe ukilipiga hulia, na udongo ni wa kuokoteza kwenye mianya. Skuli yetu ilikuwa mpya, imejengwa baada ya Mapinduzi, na sisi tuliokuwa tukichunga mbuzi na kupiga usumba wa nazi wa kusokotea kamba tukajikuta tumekaa kwenye madawati. Mwalimu Saleh alikuwa kijana wa mjini, mpole wa sauti. Alipouona uwanja wetu ulivyo mweupe kwa jua, bila ya mti hata mmoja, alisema mtoto hawezi kusoma huku anakaangwa. Akatutaka tuitengeneze skuli kwa mikono yetu wenyewe: tuondoe uchafu, tupande miti.

Uchafu wetu ulikuwa na pahala pake. Nyuma ya skuli palikuwa na shimo katika jabali, mdomo wake hauzidi upana wa mlango. Tangu enzi za wazee wetu likiitwa shimo lisilo mwisho. Kila kilichokwisha kazi kilikwenda humo: makopo, chupa, mifupa ya samaki, hata mbuzi aliyekufa kwa maradhi. Hakuna aliyeuliza kinakwenda wapi. Kitu kikishakutoka machoni, nani hukifikiria?

Mwaka huo watoto wadogo wa kijiji walisumbuliwa mno na tumbo. Jirani yetu, Bi Mosi, alimzika binti yake wa mwisho. Mdogo wangu Khamis naye alikuwa kalala mkekani, macho yamemwingia ndani, na mama akimnywesha maji kwa kijiko huku akimwomba Mungu. Watu walisema ni hasadi, wengine wakasema ni upepo mbaya.

Sisi wanafunzi wa darasa la juu tulilichagua shimo liwe kazi yetu, kwa sababu ya nzi na harufu iliyotufuata mpaka darasani. Tulitaka tulipunguze taka, tulifunike kwa mawe, kisha tupande miti pembeni yake. Mwalimu hakutuacha tuanze mpaka tumekwenda kwa Mzee Vuai, mkubwa wa kijiji, kuomba ruhusa. Tulidhani atakataa, maana shimo lile likiogopwa. Mzee alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema:

"Shimo hilo hamkulichimba nyinyi, wala mimi. Anayeingia nyumba ya mwenziwe hupiga hodi. Ingieni kwa adabu, na mtakachokiona msije mkakificha."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulitoa taka kwa mapakacha, tukipokezana, pua tumezifunga vitambaa. Kadiri tulivyopunguza ndivyo ulivyotujia kutoka chini upepo wa baridi, na juu yetu jua linachoma. Mwenzetu Pandu, ambaye hakuwa na subira hata kidogo, akatupa jiwe. Tukasikia: chubwi. Sote tukatazamana.

Mwalimu akafunga kamba ya usumba kwenye jabali, akashuka na kandili. Pandu akamfuata, kisha mimi, maana nilikuwa mwembamba na sikutaka kuhadithiwa.

Mwanangu, sijui nikwambieje. Chini ya uwanja tuliokuwa tukichezea palikuwa na ukumbi. Dari yake ilikwenda juu kama ya msikiti wa Ijumaa, na mawe meupe yamening'inia, kila moja lina tone la maji kwenye ncha yake. Mizizi ya vichaka vya mbali ilikuwa imepenya jabali ikateremka kama nywele. Na maji yenyewe! Safi hata Pandu alidhani ni sakafu kavu, akatia mguu, akazama mpaka gotini. Nilisisimka mwili mzima, nikataka kucheka na kulia pamoja. Mwalimu alinyanyua kandili, akasema kwa sauti ndogo, "Subhana Llah," na pango zima likaitikia.

Lakini pale chini ya mdomo wa shimo, taka zetu zilikuwa zimeporomoka mpaka majini. Makopo yenye kutu, manyoya ya mbuzi, na utando wa mafuta ukielea, ukisogea polepole kwenda gizani. Tukaufuata kwa kupita ukingoni. Mbele kulikuwa na mwangaza, jua jembamba linaloshuka kutoka juu. Mara ndoo ikateremka ndani ya mwangaza ule. Ikagusa maji, ikalala, ikajaa, ikapanda. Kisha nikaisikia sauti ya mama yangu, karibu kama yuko begani pangu, akimwambia Bi Mosi kuwa Khamis hajala tangu jana na anamchotea maji ya kumpoza homa.

Sikuweza kujizuia. "Mama, usimpe Khamis maji hayo."

Juu nikasikia vishindo vya miguu ikikimbia. Nani asingekimbia, kisima kinamtaja mwanawe kwa jina? Lakini mama alirudi. Niliuona uso wake katika duara la mwanga, kanga kaishika kidevuni.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi Mize, mwanao. Nipo chini, nimepitia shimo la skuli. Maji ni haya haya, mama. Tunachokitupa kule ndicho tunachokinywa hapa."

Niliisikia ndoo ikimwagwa juu ya mawe, polepole, mpaka tone la mwisho.

Habari ilienea kijiji kizima kabla ya adhuhuri. Mzee Vuai aliteremka mwenyewe, akishikwa mikono, akatazama mawe yale yenye matone, kisha akatoka. Wa kwanza kuja kutusaidia alikuwa Bi Mosi. Mwalimu alimwambia apumzike, kwa msiba alionao. Akasema, "Niacheni. Watoto wa wenzangu wapo hai." Akabeba pakacha.

Kama maji ndiyo yaliyomchukua binti yake, Mungu ndiye ajuaye. Hatukuwa na daktari wa kutupimia. Ninalolijua ni kuwa kijiji kilichota maji kisima cha mbali mpaka masika yalipopita na pango kuwa safi, na Khamis akainuka mkekani, akarudi kucheza.

Sisi tulijengea mdomo wa shimo ukuta wa mawe. Makopo tuliyatoboa tukayafanya ya kumwagilia miche. Majani na mabaki ya vyakula tuliyaozesha yakawa udongo, kwani udongo hatukuwa nao. Miti ya mikungu na miarobaini tuliipanda kwenye mianya ya mawe, mingine ikafa, tukapanda tena. Nilipopita huko baada ya kuolewa, niliwakuta watoto wanasoma kivulini, nami nikasimama nikiwaza kuwa mizizi ile imeshafika kule chini.

Basi nisikilize. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla hujatupa kitu, uliza kinakwenda kwa nani, maana hakuna kule kusiko na mtu. Kuna kwa mwenzio tu, na pengine kwa mama yako. Skuli yenu ikiwa chafu, msingoje wa kuja kuwasafishia. Anzeni, na wakubwa waombeni idhini. Ukiliona baya liseme, japo watu watakimbia, kwani mwenye mapenzi atarudi kukusikiliza. Na ardhi unayoikanyaga ikanyage kwa adabu, hujui Mola kaweka nini chini yake.

Mungu akufungulie macho, mwanangu, akunyweshe maji masafi wewe na watakaokuja nyuma yako, na akupe umri wa kukaa katika kivuli ulichokipanda mwenyewe. Amin.