Timu ya Katikati

Mteja aliyenirudisha kwenye mpira wa kikapu alikuja saluni Ijumaa asubuhi, akataka nimsuke mistari iliyobana sana, ya kutofumuka hata akianguka. Nikamuuliza anaangukia wapi. Akacheka, akasema kesho ana mechi, anachezea timu ya wasichana ya chuo kikuu.

Ulikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Saluni yetu ilikuwa Glenwood, kwenye mtaa wa nyumba za zamani zilizogawanywa vyumba vya wanafunzi, nami nilikuwa na miaka mitatu Durban. Mpira sikuwa nimeugusa tangu Bukavu. Huko nilicheza miaka yote ya sekondari, katika shule ya masista, nikaacha nilipoolewa. Hakuna aliyenikataza. Niliacha tu, na siku zikapita.

"Mnacheza vizuri?" nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha wakati ule.

Alifikiri kidogo, kichwa chake mikononi mwangu. "Timu yetu ni ya kawaida, sisi. Si mbaya, si nzuri."

Kwa Kizulu, sisi ni dada. Nilikuwa nimeshalizoea neno hilo, lakini siku ile sikio langu la Kiswahili lililisikia vingine, kana kwamba ananihesabu pamoja nao. Na jibu lenyewe lilinishangaza. Kule kwetu sijawahi kumwona mchezaji anayemwambia mtu asiyemjua kwamba timu yake ni ya kawaida. Nikataka kuiona timu ya namna hiyo.

Jumamosi ni siku ya kazi nyingi saluni, lakini patronne, mwenye saluni, alinipa ruhusa ya saa mbili, nirudi kabla ya wateja wa harusi. Nilikwenda na jirani yetu, fundi wa simu, Mrundi mwenye kibanda kilichopakana na saluni. Aliwahi kucheza ligi Bujumbura, na hata mlango uwe mrefu vipi, yeye aliinamisha kichwa kupita.

Ukumbini tulikuwa watazamaji kama ishirini. Wasichana wetu walianza vizuri, wakaongoza robo ya kwanza, wakafungana sawa robo ya pili, kisha robo ya tatu wakaporomoka. Walifungwa kwa pointi kumi na tisa. Kilichonistaajabisha ni kwamba hakuna aliyekasirika. Mwisho wa mechi timu zote mbili zilikaa chini pamoja zikala machungwa.

Aliyekasirika alikuwa fundi. "Timu hii iko katikati, mama," aliniambia tukirudi kwa miguu. "Timu ndogo watazipiga, timu kubwa zitawapiga wao. Kila mtu anajua. Sasa mtazamaji anakuja kutafuta nini?"

Swali hilo halikunitoka. Mechi iliyofuata nilimpelekea kocha. Alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa kemia hapo hapo chuoni, aliyefundisha timu baada ya vipindi vyake. Nilimsubiri akiokota chupa za maji, nikamuuliza watu kama mimi, tunaokuja tu kukaa na kutazama, tutarajie nini.

Alinisogezea kiti, naye akakaa. Nadhani hakuwahi kuulizwa. "Kombe msilisubiri," alisema. "Vyuo vikubwa vina wachezaji wanaolipiwa kila kitu. Mimi ninapokea anayekuja. Chagua mchezaji mmoja, na jambo moja asiloliweza leo. Halafu rudi Agosti uniambie umeona nini."

Nilimchagua mteja wangu, na mkono wake wa kushoto. Alikuwa mwepesi kama moto wa karatasi, lakini kila akipata mpira alikwenda kulia. Wapinzani walilijua hilo dakika tano tu baada ya mechi kuanza, wakamfungia njia.

Kila baada ya wiki mbili alirudi kusukwa, na safari moja nikamwambia nilichokiona. Hakuchukia. Alitaka kujua nimejuaje. Nikamweleza habari za sista mmoja wa Bukavu aliyetufunga mkono wa kulia kiunoni kwa kitambaa, tukadunda mpira kwa kushoto kuzunguka uwanja mpaka tukalia. Akauliza kama ninaweza kumfunga hivyo.

Nyuma ya saluni kulikuwa na ua wa saruji, wenye kamba za kuanikia taulo. Nilimfunga kwa mtandio wangu. Mpira ulimponyoka, ukagonga pipa la taka, ukaangusha taulo mbili. Nikauchukua nimwonyeshe, na kwanza niliogopa kwamba mkono umesahau. Haukusahau. Nilidunda nikiwa na aproni ya kazi na viatu vya wazi, na yule msichana akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba shangazi yake anajua kuendesha ndege. Fundi alitoka kibandani kulalamikia kelele. Dakika kumi baadaye alikuwa amechuchumaa, anamsahihisha miguu.

Miezi ile nilikwenda kila mechi ya nyumbani niliyoweza. Walishinda, walishindwa, na nikaanza kuona mambo ambayo matokeo hayasemi. Lililonisumbua zaidi ni robo ya tatu. Kwa nini kila mara hapo? Fundi alisema ni mbinu za kocha, mimi nikasema ni pumzi. Mwishowe nilimuuliza mteja wangu, na jibu likawa dogo kuliko ubishi wetu. Wenzake wawili tegemeo walitoka Isipingo, kusini mwa mji, kwa taxi za abiria wengi alfajiri, wakafika bila kula. Mpaka mapumziko walikuwa wameisha.

Kuanzia hapo nilikuja na mandazi na ndizi, na fundi akaja na mayai ya kuchemsha kwenye boksi la simu. Siwezi kusema mandazi yangu yalishinda mechi yoyote. Robo ya tatu ilibaki ngumu, ila waliacha kuporomoka. Na mimi nikagundua kwamba nimeanza kusema "tumefungwa", "tumeshinda", mimi ambaye nilikwenda mara ya kwanza kutazama tu.

Agosti ikaja timu kubwa kutoka Johannesburg, na basi lake na daktari wake. Ukumbi ulijaa kwa ajili yao. Lakini wasichana wetu walicheza kama walioambiwa siri fulani, na robo ya tatu ilipokwisha tulikuwa mbele kwa pointi tatu. Fundi alikaa juu ya mikono yake mwenyewe.

Wakubwa walirudi taratibu, kama walivyozoea. Dakika ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na mpira uko kwa mteja wangu. Mlinzi wake alisimama kulia, akimsubiri. Yeye akaenda kushoto. Alimpita huyo, akampita na wa pili, akaupandisha mpira kwa mkono ule ule. Ukazunguka pete, ukazunguka tena, ukatoka nje. Wapinzani wakaudaka, wakachezewa vibaya, wakafunga mitupo miwili huru. Tukashindwa kwa tatu.

Alinijia akilia, mistari yake imelowa jasho. "Nimekosa, sisi."

"Umekosa kwa kushoto," nilimwambia. "Mwezi wa tatu hata kufika pale usingefika."

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha, kisha akacheka huku machozi yakiendelea. Nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu, kwa sababu watu wote waliokaa karibu nami walikuwa na huzuni. Kwa mbali kocha alinitazama, akanyanyua mkono wake wa kushoto.

Tulimaliza msimu katikati ya jedwali. Mwisho wa mwaka mteja wangu alihitimu, akapata kazi ya ualimu mji mwingine. Mmoja wa wale wa Isipingo, yule mzuri kuliko wote, alichukuliwa na chuo kikubwa. Fundi alilipokea hilo kama msiba. "Eish, tunawalisha, wanakuja kuwachukua," alisema, na kwa muda hakutaka kusikia habari za kikapu. Mimi nilikwenda chuoni kumuuliza kocha kama hilo nalo mtazamaji alitarajie. Akasema ndiyo, kila mwaka, na kwamba yeye mwenyewe bado hajalizoea.

Kisha akaniuliza kama najua kuandika pointi. Aliyekaa mezani zamani alikuwa amehama. Nikasema najua.

Kwa hiyo Februari sikukaa tena na watazamaji. Meza ya waandishi iko ukingoni mwa uwanja, hatua mbili tu kutoka kwenye benchi, na kutoka hapo unasikia yote yasiyofika juu. Nilidhani wanaongea mbinu. Msichana mpya, mrefu, mwenye soksi zisizofanana, alikuwa anamwuliza mwenzake kama mtihani wa takwimu ni Jumatatu au Jumanne. Mwenzake hakujua. Filimbi ikalia, wakaingia wote wawili, nami nikachonga penseli.