Salamu Juu ya Wimbo

Kazi yangu ni kusema wakati watu wengine wanasema. Natafsiri filamu na katuni za nje kwa Kiswahili: naweka picha kwenye kompyuta, navaa hedifoni, navuta maiki karibu, na kila anachosema mtu wa kwenye picha nakirudia kwa sauti yangu, awe askari, bibi kizee au joka. Kijapani sikijui. Nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na pasipoeleweka natunga. Chumba changu kiko uani kwetu, Engutoto. Kutani nimebandika trei za mayai ili sauti isirudi, na mlangoni nimening'iniza godoro la sponji. Anayeingia mara ya kwanza hudhani nafuga kuku.

Kazi hii ina desturi moja ambayo sikuianzisha mimi. Wimbo wa mwanzo hauachwi ukapita mtupu. Ukianza tu, mtafsiri anaingia: anajitaja, anasalimia maduka yanayochukua kazi zake, anasalimia vibanda vya video vya Ngaramtoni, Usa River na Kikatiti, anawatania ambao timu yao imefungwa juzi, mpaka wimbo uishe. Akinyamaza, watazamaji wanapiga simu kuuliza kama amelala. Sehemu hiyo ya salamu mtafsiri hairudii kuisikiliza akishamaliza. Nani akae ajisikilize akisalimia?

Kwa miaka sita nilitafsiri katuni moja ya Kijapani, ya ndugu wawili wanaotafuta mji wao uliozama chini ya ziwa. Kila msimu ulikuja na wimbo mpya wa mwanzo, na nyimbo zote ziliimbwa na mwanamke yule yule. Nilisalimia juu ya nyimbo zake zote. Kwa muda mrefu sikuwahi kusikiliza hata mmoja ukaisha.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya Kilutheri kule Kikatiti kwa zaidi ya miaka arobaini. Kwake binadamu waligawanyika katika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na dhambi kubwa ya mwanakwaya ilikuwa kupanda juu ya sauti ya mwenzake. Siku moja alikuja mjini kwa ajili ya dawa zake za presha, akaingia chumbani kwangu akaketi nyuma yangu nikiwa kazini. Nilipovua hedifoni aliniuliza, "Hivi wewe utanyamaza lini watu wasikie?"

Nilikasirika. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, nina watoto wawili wanaokula kwa mdomo huu huu unaoambiwa unyamaze. Nilimwambia mke wangu amsindikize kituoni, mimi nikarudi kwenye kazi yangu. Wiki iliyofuata Baba alianguka akiwa anakata majani ya ng'ombe. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka yote.

Sitaki kujifanya mwana mwema. Nilichokitaka baada ya hapo kilikuwa kidogo, tena cha ubinafsi: nilitaka aniambie neno lingine, lolote lile, ili lile lisiwe la mwisho.

Mama alikwisha kututoka, kwa hiyo Baba akaja kukaa kwetu. Dada aliyekuwa akija kumfanyisha mazoezi ya viungo alituambia tumwimbishe. Alisema kuna wagonjwa wasioweza kuomba maji lakini wanaweza kuimba wimbo mzima. Tukawaita wanakwaya wake. Walikuja Jumamosi kutoka Kikatiti na mkungu wa ndizi na dumu la maziwa, wakajipanga sebuleni kwa sauti zao nne wakaanza wimbo wa mavuno. Ubeti wa kwanza Baba alitingisha kichwa tu. Wa pili akafungua mdomo, na sisi wote tukamwegemea.

Neno lililotoka lilikuwa lile la Kimeru la kumfukuza ng'ombe aliyegoma kuingia zizini. Lilitoka kubwa na safi kabisa. Akina mama wawili wa sauti ya pili waliinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika kwa kicheko. Hawakukusudia ubaya, hata mimi nilijiuma mdomo. Lakini Baba aliwaona. Tangu siku hiyo, mtu akianza wimbo wa kanisani karibu naye, aligeukia ukutani.

Julai baridi ya mlima iliposhuka, chumba changu ndicho kilikuwa na joto kuliko vyote, kwa sababu ya kompyuta na lile godoro. Nikamwekea kiti nyuma yangu, na blanketi. Sikumweka pale kwa mapenzi makubwa. Mke wangu alikuwa na kazi zake, na mtu lazima awe na Baba.

Siku nilipoanza msimu mpya wa ile katuni, niliucheza wimbo kwenye spika ili nipime urefu wa salamu. Baba akainua mkono wa kushoto. Nikadhani anataka kwenda msalani. Akatikisa kichwa, akaonyesha kompyuta. Nikaurudia. Akaonyesha tena. Mara ya tano akaonyesha kalamu.

Maneno yalimkataa hata mkononi. Ukimwambia aandike maji, alichora mstari ukaishia pembeni. Lakini nota zilimtii. Kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa zimelala kama mgomba uliopigwa na upepo, aliandika ule wimbo wa Kijapani kwa do-re-mi, sauti ya kwanza yote, kisha akaanza kuutungia ya nne, ile besi. Nilikaa namtazama. Ilikuwa kazi ya siku tatu, na sikumbuki kumwona ametulia namna ile tangu augue.

Akataka na nyimbo za misimu iliyopita. Nilimpigia zote, moja moja, bila kusema juu yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsalimia. Chini ya kila wimbo alifanya kama alivyowafanyia wanakwaya wake: aliandika nota ya juu kabisa ambayo mwimbaji ameifikia, ili mwalimu ajue nani aongezewe na nani apumzishwe.

Mimi nilikuwa nasoma habari za yule mwimbaji kwenye simu, kwenye kurasa za mashabiki, namsimulia. Alianza akiwa na miaka kumi na saba. Miaka mitatu ya kwanza kampuni ilimficha uso, kwa sababu ilitaka watoto waamini kwamba wimbo unatoka ndani ya katuni yenyewe. Watu walimjua kwa sauti kabla hawajamwona. Nilimpenda kwa hilo. Mimi mwenyewe napanda bodaboda na dereva anaigiza sauti yangu bila kujua kamchukua nani. Baadaye alijitokeza, akajaza kumbi, akajaza viwanja, ikawa kila katuni kubwa inamtaka afungue yeye.

Baba alisikiliza hayo yote, kisha akanifunulia daftari. Msimu wa kwanza mwimbaji huyo alifika E ya juu. Wa pili E. Wa tatu D. Wa nne D, mara moja tu, kwa haraka. Wa tano C, chini zaidi, na kile kipande cha kupanda wamepewa waitikiaji. Akagusa koo lake kwa kidole.

"Baba, huyu ni mtu mkubwa," nikamwambia. "Anajaza viwanja."

Akagusa koo tena.

Miezi miwili baadaye ilitangazwa kwamba ataimba wimbo wa msimu wa sita halafu aache. Alikuwa amepasuliwa koo mara mbili na hakumwambia mtu. Nilimsomea Baba tangazo hilo nikitafsiri polepole. Aliitikia kwa kichwa, vile vile alivyowaitikia wanakwaya waliokuja kumwambia wanaumwa, naye ameshajua tangu mazoezi ya Alhamisi.

Ndipo mke wangu akaniambia jambo ambalo lilinichoma. Tulikuwa tunakula.

"Baba anaimba," alisema.

"Anaimba nini?"

"Hicho Kijapani chenu. Nikiwa naanika nguo nje namsikia. Na maneno anayatamka."

"Maneno?"

"Yote. Ukisogea tu ananyamaza."

Nilijaribu. Nilijifanya naenda dukani, nikazunguka nikasimama nyuma ya tenki la maji. Aliona kivuli changu, akanyamaza. Nilimwomba waziwazi, "Baba, niimbie kidogo." Akageukia ukutani. Nilifikiri sana kwa nini Kijapani na si nyimbo alizofundisha maisha yake yote, na jibu nililolipata ni hili: nyimbo zile, akikosea, Kikatiti nzima ingejua. Kijapani hata angesema neno la ng'ombe, hakuna ambaye angecheka. Nililielewa hilo, na bado niliona wivu. Mke wangu alikuwa amesikia sauti ya baba yangu akiwa na beseni la nguo, na mimi mwanawe sijaisikia.

Msimu wa sita ulipofika, niliandaa kazi kama kawaida. Baba alikaa nyuma yangu na blanketi lake. Nikavaa hedifoni, zile kubwa zinazoziba masikio yote, nikafungua maiki. Wimbo ukaanza, nami nikaingia. Nilisalimia maduka, nikasalimia vibanda, nikawasalimia wa Kikatiti kwa namna ya pekee, nikatania timu iliyofungwa. Wimbo ukaisha. Nilipogeuka kuchukua maji, nilimwona Baba anashusha mkono wa kushoto, vidole vimefumbwa. Ndivyo alivyokuwa akiikata kwaya yake mwishoni.

"Umeimba, Baba?"

Akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Nikadhani alikuwa anapiga mapigo tu kwa mkono, kama siku zote. Nikamaliza kazi, nikaisambaza kwa wenye maduka, nikafuta faili zangu, maana kompyuta ilikuwa imejaa.

Siku kumi na moja baadaye Baba alipata kiharusi cha pili, asubuhi, akinywa uji. Tulimzika Kikatiti. Kwaya yake iliimba vizuri mno, na mimi nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, kwa sababu hakuniambia neno lingine.

Mwezi haujaisha, mama mwenye duka la filamu pale Kikatiti, barabarani, alinipigia simu. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Pole na msiba. Ila hii kazi yako ya mwisho ina kasoro."

"Kasoro gani, mama?"

"Mwanzoni kuna mzee anakuimbia nyuma. Wateja wanalalamika. Ingetakiwa usafishe."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Aliniwekea kwenye televisheni ya dukani, kati ya wateja wawili waliokuwa wanachagua muvi za Kihindi. Nikanyoosha mkono nikamwomba aongeze sauti.

Sasa nimeelewa jinsi ilivyokuwa. Baba alikuwa amegundua kwamba nikivaa zile hedifoni mimi ni kiziwi. Pengine aliimba nyuma yangu kila siku ya kazi, tangu Julai. Siku ile alikuwa amesogea karibu, maiki ikamchukua. Anaimba ya nne, ile aliyoitunga mwenyewe, chini kabisa ya yule mwimbaji, kumsaidia kubeba. Maneno anayatamka yote. Najua kwa sababu nayasikia, lakini si wimbo wote. Salamu zangu zimepita juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Niliinakili kwenye flashi nikampelekea fundi sauti mmoja mjini, anayejua programu za kutenganisha sauti. Alihangaika nayo siku nzima. Kila alipopunguza mimi, Baba naye alipungua, kwa sababu sauti zetu, alisema, zimekaa mahali pamoja na zinafanana. Mwishowe akanirudishia flashi akaniambia nibaki na ilivyo.

Nimebaki na ilivyo. Siku hizi wimbo wa mwanzo nauacha upite mtupu, na wateja wanapiga simu kuuliza kama nimelala, na maduka mawili yamehamia kwa mtafsiri mwingine. Ile flashi naichomeka mara moja moja. Katika dakika moja na nusu ya wimbo kuna mahali pa kumsikia Baba peke yake na yule mwimbaji: baada ya Ngaramtoni, baada ya Usa River, baada ya Kikatiti, na pale mwisho, nilipomaliza utani wa timu, naye akashikilia nota yake mwimbaji akiwa ameshaiachia ya kwake.

Uliniuliza nitanyamaza lini, Baba. Nilinyamaza mara nne, na zote nilikuwa navuta pumzi.