Diski Kubwa ya Papa Zagabe

Papa Zagabe alikuwa mbishi. Alibishana na wauza ndizi, na padri baada ya misa, na zaidi ya wote na ile mashini ya Unix, kompyuta kuukuu tuliyopewa na wazungu walioichoka. Mimi, Noëlla, niliyekaa meza ya pili, nilimchokoza kwamba ameoa wake wawili, wa nyumbani na huyo wa chuma. Kazi yetu pale Muhumba ilikuwa kutunza picha za watoto waliopotezana na wazazi wao vitani, na picha zote zilikaa ndani ya mashini hiyo. Mojawapo ilikuwa ya Chrispin, mwana wa Zagabe, aliyepotea mwaka 1996 watu walipokimbia. Baadaye nyumba yao iliungua na kila kitu. Picha nyingine ya mtoto huyo hakuwa nayo.

Mwaka 2000 watoto wa Bunyakiri walitujia kwa wingi mpaka diski ya mashini ikajaa. Ili kubana nafasi, tulikuwa tumezifunga picha za 1996 zikawa mzigo mmoja; huwezi kuchomoa moja bila kuufungua wote. Hatimaye ikafika diski mpya, giga tisa. Zagabe akazima mashini ili aiunganishe. Alipowasha, diski ya zamani ikagoma kuzunguka. Akaigonga kwa mpini wa bisibisi, akaisemesha kwa Mashi, lugha ya kwao, ikaamka ikikoroma.

«Hii ikizimika tena, haitaamuka,» akasema. Uso ulimshuka.

Unix ile ya kizee haikuzoea diski kubwa namna hiyo. Iliona kipande cha mwanzo tu. Ilimbidi aigawe sehemu sehemu, kila moja isizidi giga mbili, kisha aitayarishe kabla ya kuweka kitu ndani, na kutayarisha kulichukua muda mrefu. Umeme wa mji haukuwepo, tulitegemea jenereta, na siku zile mlio wa jenereta ulikuwa kutangaza kwamba una mafuta. Wanajeshi wawili wakaufuata. Hawakutupiga. Walibeba bidoni yetu ya mazuti, akiba yote ya jenereta, wakaenda zao, mmoja akipiga mluzi. Niliwachukia kwa ule mluzi kuliko kwa bidoni.

Yakabaki mafuta ya ndani ya tangi, na sehemu moja tu ya diski mpya ndiyo ilikuwa tayari. Mlangoni aliketi Maman Clémence, aliyetoka Bunyakiri kwa miguu akitafuta binti yake.

«Papa Zagabe, anza na 96,» nilimnong'oneza. «Weka Chrispin kwanza.»

«Batoto ya 96, nani anabakia kuwaulizia? Ni miye tu. Huyu maman iko anangoya.»

«Na wewe hauko muzazi?»

Zagabe aliandika amri ya kunakili picha za Bunyakiri, akakunja mikono. Zilipokwisha kuhama, akaandika ya 1996 haraka haraka, vidole vikikosea herufi. Jenereta ikakohoa mara mbili ikazima. Mzigo ulikuwa haujafika hata nusu, na mzigo nusu haufunguki.

Umeme ulirudi kesho yake. Diski kubwa iliamka bila shida. Ile ya zamani aliigonga, akaipasha joto mikononi, akaibembeleza, haikuzunguka. Mchana Clémence alimwona binti yake kwenye kioo cha mashini, akalia kwa furaha akitushika mikono. Nasema kweli, furaha yake iliniuma. Zagabe ndiye aliyemgeuzia kioo aone vizuri.

Jumatatu nilimkuta kwenye benchi la wazazi, shati limepigwa pasi. Zamu yake ilipofika alikaa mbele yangu, akataka nimwandike Chrispin upya. Niliuliza jina, miaka, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Nilipofika kwenye picha, niliiweka kalamu chini.

«Andika tu,» akasema. «Meno ya mbele iko na nafasi. Masikio yake iko sawa na yangu.»

Kisha akageuza kichwa polepole, upande mmoja, halafu wa pili, ili niyaone vizuri.