Wifi alizijua dawa za mume wangu, mimi sikuzijua

Jamani, leo nimemwonea wivu wifi yangu mbele ya daktari!

Baba Neema, mume wangu, wiki nzima anaumwa mapaja na mabega. Mimi nikasema ni kazi ya kuvuna maharage. Leo asubuhi kashindwa kuinuka kwenye kiti, tukatoka Maretadu kwenda hospitali. Dada yake, Paskalina, akatusindikiza.

Daktari akamuuliza, "Baba, unatumia dawa gani?"

Nikawahi kujibu mimi, "Ya kushusha mafuta kwenye damu tu."

Paskalina akasema polepole, "Na ya sonona, daktari. Alipewa hospitali nyingine, baada ya kumzika mama yetu."

Sonona? Na ninalala naye kitanda kimoja nisijue!

Daktari akaeleza kwamba hiyo dawa ya sonona inaweza kufanya ile ya mafuta izidi mwilini, ikaumiza misuli. Wamempima damu. Ya mafuta wameisimamisha kwanza, ya sonona anaendelea nayo. Atapona, namshukuru Mungu.

Lakini tulipotoka nje nikamuuliza mume wangu, "Kwa nini ulimwambia yeye?"

Akasema, "Yeye nililia naye msibani. Wewe nilitaka uendelee kuniona mwanaume."

Jioni hii wifi kapiga simu. "Kaka amekunywa dawa?"

"Amekunywa. Nimempa mimi, kwa mkono wangu."

Nikakata bila hata kumuaga.

Nimekosea? Semeni, ila wanaoanza wawe wenye wifi kama yangu.