Fundi wa Maji Asiyeijua Bahari

Katika karakana ya picha ya Lahore, nilikosaga rangi miaka kumi na minane, kazi iligawanywa kama nyama ya harusi. Mmoja alichora mistari, mwingine alipaka nguo, mwingine nyuso tu, na huyo wa nyuso alitembea kana kwamba yeye ndiye aliyewaumba watu. Gokalram alipaka maji. Mto, kisima, birika, jasho la farasi: palipo na majimaji, aliitwa yeye.

Mwaka mmoja ikaletwa hadithi ya mwanamke dobi, tuitilie picha kitabuni. Alifua nguo ufukweni, bahari ikamrudishia zimeganda chumvi. Akaitukana kutwa nzima, mpaka bahari ikaona haya ikaondoka, merikebu zikabaki mchangani, na mfalme akaja kumbembeleza dobi aiite irudi.

Hadithi tamu, lakini kutoka Lahore hadi baharini ni mwendo wa miezi miwili, na Gokalram hakuwahi kuona maji mapana kuliko mto Ravi.

“Si uniulize mimi?” akasema Khwaja Muhtasham, bwana mnene wa ikulu aliyepewa kukisimamia kitabu kile. Alikuwa amekwenda kuhiji, na tangu arudi hapakuwa na mazungumzo, hata ya bei ya vitunguu, ambayo hayakupitia baharini. “Bahari, fundi, ni ya kijani. Kijani cha kasuku.”

“Na mawimbi, bwana mkubwa?”

“Yamejipanga safu, kama askari.”

“Hayagongani?”

“Mbele yangu? Yangethubutu?”

Gokalram akapaka bahari ya kasuku. Wiki ya pili Khwaja akalalamika kwamba haina samaki, wakatiwa arobaini. Wiki ya tatu akasema samaki wanamkodolea macho mwanamke, ni utovu wa adabu. Wakageuzwa wote, wakatazama pembeni kama wakwe.

Siku moja Jivi, dobi wetu sisi wa karakana, akaja na furushi la nguo. Alipoiona picha akacheka hadi furushi likamdondoka.

“Kaka Gokalram, shamba la nani hili la mpunga?”

“Bahari hiyo, dada.”

“Bahari! Mimi nimezaliwa Khambhat, mji wa pwani. Yetu ni kahawia, kama maji aliyoogea nyati. Na hao samaki wamejipanga kungoja nini, pilau?”

“Na hilo la bahari kukimbia, je?”

“Mbona inakimbia kila siku, mara mbili! Inaacha tope mpaka macho yachoke. Kisha inarudi mbio, na ole wako uliyechelewa kuokota kaa. Huyo dobi wenu hakufanya lolote. Alipiga kelele zake saa ya maji kupwa, basi.”

Gokalram akaweka brashi chini. Kesho yake akaniagiza nisage udongo badala ya kijani. Akapaka tope linalong’aa, na kwa mbali mstari mwembamba mweupe. Sijaona kazi nzuri kama ile.

Khwaja akauliza, “Nani kamwaga mchuzi?”

“Ndiyo bahari ya Khambhat, bwana.”

“Kasema nani?”

“Dobi.”

Khwaja akacheka. Karakana nzima ikacheka, kwa sababu asiyecheka angeulizwa ana nini. Nami nikacheka, na kicheko kile kinanichoma mpaka leo. Kijani kikarudi.

Picha ikapendwa mno ikulu. Ikapendwa hata ikatoka amri: kwa kuwa Khwaja anaijua bahari kiasi hiki, aende Khambhat akasimamie bandari. Mtu yule akageuka manjano. Ndipo mtumishi wake alipotoboa siri kwamba safari nzima ya hija bwana alilala chini ya sitaha, uso ndani ya ndoo. Kijani alichokiona kilikuwa cha ndoo.

“Unakuja nami,” alimwambia Gokalram. “Nikiulizwa jambo, jibu wewe.” Mimi nikachukuliwa kubeba mizigo.

Tulifika adhuhuri. Makarani wa bandari walikuwa wamesimama na mashada ya maua kumwonyesha mkuu wao bahari. Bahari haikuwepo. Lilikuwapo tope hadi mwisho wa dunia, na merikebu zimelala ubavu.

“Iko wapi?” akauliza Khwaja.

“Imetoka, bwana. Alasiri itarudi.”

“Imetoka kwa ruhusa ya nani?”

Gokalram hakungoja jibu. Alivua viatu akaingia topeni, akaenda, akaenda, tukamwona mdogo kama nzi. Alikaa huko mpaka ukasikika mngurumo, na ule mstari mweupe ukaja. Watu wakapaza sauti: “We mzee, toka! Unakufa!” Akakimbia kwa miguu yake mifupi, maji yakamshika kiunoni, wavuvi wawili wakamvuta kwa kilemba.

“Rangi gani, fundi?” nilimuuliza, naye analia na kucheka.

“Ndugu yangu, sijui. Kwa mbali ilikuwa kahawia. Iliponifikia haikuwa na rangi, ilikuwa na sauti. Miaka yote napaka maji mabubu!”

Hakukubali kurudi Lahore. Akapata kazi ya kupamba masanduku ya wafanyabiashara, na kila maji yakijaa aliacha kazi akaenda kutazama. Khwaja alipanga nyumba ambayo madirisha yake yote yaliangalia bara, na kila mwezi aliandika ikulu kwamba bahari ni nzima na ina nidhamu.

Nikarudi peke yangu, nikapeleka habari kwa Rukma, mke wa Gokalram. Nilimkuta anakanda unga.

“Ameacha kazi ya ikulu kwa ajili ya tope?”

“Ndiyo, shemeji.”

“Na anakula nini huko?”

“Anajipikia.”

“Anajipikia! Yule?” Akajifuta mikono, akazungusha macho ndani ya chumba. “Shika hicho chungu kikubwa, unisaidie kufunga. Maneno ya huko nitajifunza njiani, nisije nikatukanwa sokoni nikajibu asante.”