Cheo Kilichokosa Mrithi

Nakumbuka alasiri moja ya theluji, mwanangu, nilipokuwa msichana mgeni hapa Toronto, nikimtunza bibi wa Kiayalandi huko Scarborough. Aliitwa Nora. Nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni aliponisimulia kwamba babu wa babu yake alipewa cheo na mfalme, cha kurithiwa na watoto wa kiume peke yao.

Baba yake na ami yake walikigombania. Ami alidai kaka yake alizaliwa kabla ya ndoa, kwa hiyo hakustahili. Wakashtakiana mpaka mashamba yakaisha, wakaapa kutozikana. Na kweli hawakuzikana. Ami alikufa bila mtoto. Baba akahamia Kanada na cheo chake, akamzaa Nora peke yake. Alipofariki, na cheo kikafa.

Mimi, kwa ujinga wa ujana, nikasema ni bahati iliyoje kuzaliwa katika ukoo kama huo. Akauondoa mguu wake mikononi mwangu.

"Binti," akasema, "kaburi la ami yangu sijui liko wapi. Nyumbani kwetu jina lake lilikuwa mwiko. Bahati gani hiyo?"

Swali hilo sasa nakuuliza wewe.

Tangu tumzike baba yako, wewe na kaka yako mnang'ang'ania nani awe mkuu wa ukoo. Wa kumwongoza nani? Wewe uko ghorofani Thorncliffe, yeye anapakia mizigo Malton, na ng'ombe wa kurithi hakuna hata mmoja. Krismasi nimewapikia pilau mara mbili, kila mtu na siku yake, kama wagonjwa wa kuambukizana. Nimechoka! Tena unasema yeye ana mabinti tu, jina litapotea. Mabinti hao, ingawa hunijibu kwa Kiingereza, ndio walionipeleka hospitali nilipoteguka kiuno. Mkuu wa ukoo alikuwa wapi?

Basi nisikilize mimi shangazi yako. Waliosema cheo ni dhamana hawakusema ni silaha. Jumapili, ukitoka kanisani, panda basi uende Malton. Usipige simu, nenda. Mwombe kaka yako radhi mbele ya binti zake, kwa kuwa uliwadharau wao kwanza. Akikufungia mlango, rudi Jumapili inayofuata.

Mungu ailainishe shingo yako hiyo ngumu, awape maisha marefu nyote wawili, na siku yangu ikifika mlibebe jeneza langu pamoja, wewe huku na yeye kule.