Mahamri ya Siku ya Wazazi

Jana, nikiwa dirishani, niliwaona wasichana wakipita na mahema mgongoni, nikaikumbuka kambi yetu ya likizo pale Bondeni.

Alasiri ya wazazi, uwanja ulinuka moshi wa kuni, na kila msichana alikuwa na mamake. Kwangu alikuja shangazi na bakuli la mahamri ya moto kutoka kwa mama, yakinukia iliki.

"Mamako yuko edani, mwanangu. Tangu tumzike babako, hatoki nje."

Niliamini kwamba kama mama angetaka kuniona, angekuja. Nyumbani Mji wa Kale hapakuwa mbali. "Mrudishie," nikasema, nikaingia hemani peke yangu.

Sasa ni mimi niliyefiwa na mume, ninayekaa eda. Mlango uko hatua nne kutoka hapa nilipoketi. Mama alirudishiwa mahamri yake hata hayajapoa.